Karatasi Ulizokataa Kuzichoma

Mama Keji,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, vile unavyonijua. Ni Jumamosi, saa nane imepita kidogo, na mabati yanalia kwa jua. Wanjiru, yule Mkenya ninayeishi naye, ameenda harusini mtaa wa Gudele, hapa hapa Juba. Mama mwenye nyumba ameenda huko huko na watoto wake wote. Katika ploti nzima nimebaki mimi na kuku wawili. Saa kumi kuna mtu anakuja kuniona. Nitakwambia ni nani, ila nikimtaja sasa hivi kalamu itasimama, najijua.

Nianze na habari zako mwenyewe. Wiki iliyopita umetimiza siku arobaini. Tulikufanyia karama kanisani, ile karamu ya kumaliza matanga, watu wakajaa mpaka barabarani, na ungekuwepo ungeona haya maana hupendi kelele. Keji binti yako alipika bamia za kwenye kile kitalu chako nyuma ya kanisa, zile tulizokuwa tunazimwagia majivu. Nilikula mara mbili. Nilikukumbuka ukizichuma huku ukinitania, "Viola, hizi zimelishwa machozi ya kanisa zima na bado zinateleza vizuri." Nikacheka peke yangu katikati ya waombolezaji, shemasi mmoja akanitazama kama nimechanganyikiwa. Basi nikaanza kulia, akaridhika.

Lakini si kwa ajili ya bamia nimeshika kalamu. Nina hasira na wewe, Mama. Sikujua kwamba mtu anaweza kumkasirikia marehemu kiasi hiki na bado akatamani kumpelekea chai.

Baada ya karama Keji alinivuta pembeni akanipa kopo la biskuti, lile jekundu la bati ulilokuwa unawekea nyuzi. Akasema, "Mama alisema hili ni la Viola, mtu mwingine asifungue." Nilidhani ni nyuzi. Nilidhani labda ni ile Biblia yako ndogo ya Kiswahili uliyotoka nayo Nakuru. Nikalifungua nikiwa juu ya boda, kwa pupa zangu, nikakuta karatasi kumi na moja zimekunjwa pembetatu kama sambusa. Kikundini kwako hakuna mwingine anayekunja hivyo. Nilizitambua kabla sijazigusa, na nilitamani boda iangukie mtaroni.

Niache niyapange tangu mwanzo, hata kama mwanzo unaujua. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu akisimulia jeraha lake asikatizwe.

Unakumbuka ulivyonipata. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha fotokopi soko la Konyo Konyo, kile kisicho na mlango, kaunta tu na mwavuli, ukaja kutoa nakala za nyimbo za kanisa. Mtu nyuma yako akagonga kaunta kwa ufunguo wake kuniharakisha, na mimi nikaangusha nyimbo zote chini. Uliinama ukaokota pamoja nami, huku ukisifu mwandiko wangu kwenye bango. Halafu ukasema kanisani kwenu, mtaa wa Juba Na Bari, kuna kikundi cha watu waliopitia mabaya, mnakutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wapo akina mama ambao hawajui kuandika, ungefurahi kupata mtu mwenye mkono mzuri. Nilikubali kwa sababu ulikuwa unaongea Kiswahili cha Nakuru, hicho nilichokulia mimi pia, na nilikuwa nimekikosa kama chakula. Kwa hiyo nilikuja kama karani, si kama mgonjwa. Ndivyo nilivyojidanganya, na wewe ukaniacha nijidanganye.

Kila mtu alipewa nusu karatasi. Aandike kinachomkaba, kwa lugha yoyote, akunje, aende mwenyewe mpaka kwenye ule msalaba wa mtiki uliosimama kwenye ndoo ya mchanga, achukue nyundo, apigilie. Wapo waliogonga taratibu kana kwamba mtu amelala jirani. Wapo waliogonga mpaka msalaba ukayumba na wewe ukaushika kwa mikono miwili. Ile nyundo haikunitisha hata siku moja, maana niliona ni nani anayegonga. Kisha tuliimba, tukaomba, na wewe peke yako ukazibandua karatasi na kuzitia kwenye jiko la makaa bila kufungua hata moja, majivu yakaenda kwenye bamia. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kumshauri mwenzake. Mchungaji alipokuja siku ile akaanza kumwambia mama mmoja asamehe na asahau, ulimkatiza kwa upole kabisa, "Mchungaji, hapa leo hatuhubiri, tunasikiliza. Kaa, soda inakuja." Na akakaa! Nilikupenda kuanzia siku hiyo.

Kwenye mkutano wa pili wewe ulituhamisha kutoka chumba cha mikutano, tukaenda rakuba, kile kibanda cha nguzo na matete kisicho na kuta. Ulisema ndani kuna joto. Mama, chumba kile kimekuwa na joto tangu kijengwe. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anakaa humo akiangalia mlango badala ya kukuangalia wewe, na hukumtaja jina.

Niliwaandikia wenzangu yote waliyoninong'oneza. Yapo mpaka leo kichwani mwangu, na hayo sitayaandika hapa, ni ya wenyewe. Ilipofika zamu yangu nilichukua nusu karatasi, nikaiinamia, nikasogeza mkono kama mtu anayeandika. Sikuandika kitu. Nilikunja pembetatu, nikaenda, nikapigilia. Watu wakaimba. Nilirudi kukaa nikiwa na uso wa mtu aliyetua mzigo, na Mungu ananiona. Nilifanya hivyo mwezi wa kwanza kwa woga. Mwezi wa pili ilikuwa rahisi zaidi. Baadaye nikawa nauigiza hata ule mkono unaotetemeka, maana niliona wengine wanatetemeka.

Kisha akaja Mama Rose.

Nimemtaja. Ndiye anayekuja saa kumi.

Alikuja mkutano wa tatu, akaniona, akanikumbatia mbele ya watu wote, "Biniya tai!" Binti yangu. Alikuwa ananifahamu kwa sababu mimi na Rose wake tulifanya kazi duka moja mtaa wa Hai Jalaba, duka la vifaa vya ofisi, kabla ya zile siku za risasi. Ukamkalisha karibu nami kwa kuwa hajui kuandika. Nilikuangalia kwa macho ya kukuomba, na wewe ukadhani naomba kalamu nyingine, ukanipa.

Akaniinamia sikioni. Ana harufu ya sabuni na moshi wa mkaa, harufu ile ile aliyokuwa nayo Rose asubuhi. Akasema niandike hivi: Mungu, nataka kujua mambo mawili tu. Rose wangu alikuwa anaelekea wapi? Na aliita nani?

Nikaandika. Akaikunja mwenyewe, akaenda kupigilia. Mwezi uliofuata nikadhani atakuwa na jambo jingine. Akasema maneno yale yale. Nilimwandikia maneno yale yale mara tisa, kwa huu mwandiko wangu unaousifu, na kila mara alinishika mkono akasema, "Shukran, biniya tai, wewe unaandika haraka, Mungu atasoma haraka."

Na mimi ninayajua yote mawili.

Subiri nipumue. Kuku mmoja ameingia ndani, nimemfukuza.

Siku ile risasi zilipoanza tulijifungia stoo nyuma ya duka. Tulikuwa watu saba na mlango mmoja wa chuma. Rose hakukaa. Alisema mama yake yuko peke yake Juba Na Bari, naye hawezi kukaa humu mama yake yuko kule. Tulimshika nguo, akatuponyoka. Mimi nikafunga komeo nyuma yake, na kwa kuwa nilikuwa karibu, nikabaki nimelishika. Baada ya muda, sijui ni nusu saa au ni dakika kumi, mlango ukagongwa. Mara tatu. Akasema, "Viola, fata bab. Ana Rose." Viola, fungua mlango. Ni mimi Rose. Sauti yake haikuwa ya mtu anayepiga kelele. Alisema vile alivyokuwa akisema kila asubuhi alipochelewa nami nikiwa nimeshaingia dukani na mlango bado umefungwa.

Nyuma yangu watu wananong'ona, usifungue, labda ameshikwa, labda wenye bunduki wako naye. Mwenye duka akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Lakini Mama, aliweka tu, hakubana. Nimejiambia miaka yote hii kwamba alinibana. Hakubana. Komeo lilikuwa mkononi mwangu na ningeweza kulivuta.

Rose aligonga tena. Halafu akasema, "Kweis." Neno letu la kila siku hapa Juba, la kusema haya, sawa, basi. Alilisema polepole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa leo, rudi kesho. Nikasikia ndara zake zikienda. Sikusikia kitu kingine. Alipatikana amekufa baada ya siku mbili, na waliopita njia ile walisema alikuwa ameelekea tena upande wa Juba Na Bari.

Siku ya msiba nilimwambia mama yake kwamba tuliachana mchana pale dukani na sijui alielekea wapi. Nilisema bila kuulizwa. Akanishukuru kwa kuja.

Ndiyo maana sifungui lango, Mama. Ulikuwa unajiuliza, najua. Hapa plotini lango likigongwa anafungua Wanjiru, au watoto wa mwenye nyumba, au mgeni anarudi kwao. Kuna siku Wanjiru alikuwa anaoga, anapiga kelele kutoka bafuni, "Vio, si ufungue hiyo gate, ama unangoja nitoke na sabuni machoni?" Nikajifanya nina simu. Akatoka amejifunga leso, povu kichwani, akamfungulia mtu wa maji, na hakunisemesha mpaka Jumatatu. Nilimpikia chapati. Sikumwambia kitu.

Wewe ukafa. Ile presha uliyokuwa unaiita mgeni asiyeaga ikakuchukua ghafla, tukabaki tunatazamana. Jumapili ya pili Mchungaji akasimama mbele ya kanisa akasema kikundi hakitakufa, kitaongozwa na dada yetu Viola, ambaye ni ushuhuda wa kazi ya Mama Keji, ambaye alikuja amevunjika na leo ni mzima. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nimekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, natabasamu kwa meno yote. Mchungaji ni mtu mwema, ila anapenda sana hadithi iishe vizuri kabla ya kutoa sadaka.

Siku ya kunikabidhi kikundi ni kesho. Kesho nisimame na maikrofoni niseme nilivyopona. Na kama hiyo haitoshi, baada ya karama yako Mama Rose alinisubiri kwenye geti la kanisa akanitia mkononi mfuko wa nailoni. Ndani kuna lawa, ile nguo ya kufungwa begani, ya rangi ya machungwa yenye maua, imepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana. Ilikuwa ya Rose. Alisema, "Yeye hakuivaa sana. Jumapili nataka nikuone nayo, nijue kuna binti yangu mmoja aliyefika ng'ambo ya giza." Nikaipokea. Mikono yangu hii. Sasa inaning'inia kwenye msumari mbele yangu hapa, na kila upepo ukipita inacheza begani kana kwamba ina mtu.

Nimetafuta pa kutokea, usidhani sikutafuta. Nilitaka kujitia malaria, lakini malaria ya Jumapili moja haitoshi, itabidi niumwe maisha. Nilitaka kurudi Nakuru kwa shangazi, nikajiona nimekaa Nakuru kwenye kizingiti kama hiki, naomba asigonge mtu. Nilitaka kumwambia Mchungaji atafute mwingine, lakini ataniuliza kwa nini, na yeye akiuliza hakubali jibu fupi. Nikinyamaza, nitavaa nguo ya Rose na kumdanganya mama yake mbele ya madhabahu. Nikisema, nitamuua mama huyo mara ya pili. Kila upande ninaogusa ni bati. Nimekaa nje kwenye jua kali na bado niko mle stoo, Mama. Sijawahi kutoka. Na kuomba nimeomba, mpaka maneno yamekuwa kama gundi mdomoni. Naogopa uso wa Mama Rose kuliko ninavyomwogopa Mungu. Nisamehe, lakini wewe mwenyewe hukupenda tumpakie Mungu sukari.

Basi nirudi kwenye kopo lako.

Nilifika nyumbani nikazifungua zote kitandani. Tupu, kama nilivyoziacha, kila moja ina tundu la msumari. Na kwenye kila moja, pembeni chini, kwa ile biki yako ya buluu inayovuja, umeandika neno moja. Bado.

Bado, bado, bado. Mara kumi na moja.

Nilijiuliza ulijuaje, maana hukuwa unazifungua. Kisha nikainua moja kwenye mwanga nikajicheka. Ni mimi niliyekuwa naleta karatasi, zile nyepesi za bei rahisi, wino unatokea upande wa pili. Za wenzangu zote zilikuwa na madoa kwa nje. Zangu zilikuwa safi kama sahani. Mwaka mzima nimesimama mbele yako naigiza kutetemeka, na wewe umebandua karatasi ile, umeona, umeificha kwenye gauni, umechoma za wengine, kisha ukanipa chai.

Ndipo hasira iliponipanda. Ulijua! Kwa nini hukuniuliza? Ungeniuliza mara moja tu, hata kwa kunitania, ningemwaga yote pale kwenye bamia, na wewe ungekuwepo kunishika kama ulivyoushika ule msalaba. Badala yake umekufa ukaniacha na kopo. Niliongea na kopo lako kama kichaa. Wanjiru akafungua mlango akaniuliza kama nina mgeni.

Nimelala nayo siku kadhaa, hasira hiyo. Haijaisha. Lakini jana nikiwa kibandani natoa nakala za mitihani nilikumbuka siku ile ya mvua, tulipokuwa wawili tu rakuba tunasubiri maji yapungue, ukaniambia bila sababu yoyote, "Mungu hana haraka na mtu, na mimi nimeamua kutokuwa nayo." Nilidhani unasema habari za Keji na ndoa yake. Ulikuwa unasema na mimi. Ulikataa kuchoma karatasi zangu kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuchoma, na ukakataa kuzitupa kwa sababu uliamini kitakuwepo. Wenzangu waliniita mzima. Wewe tu ndiye uliyesema bado, na ni ajabu jinsi neno hilo lilivyonituliza kuliko vigelegele vyote.

Na kuna jambo jingine lilinijia nikiwa pale pale kwenye mashine, likanitoa jasho. Nimekuwa nikisema nimenyamaza ili nisimwumize Mama Rose. Uongo. Anachouliza mama yule si nani alifunga mlango. Hajawahi kuuliza hilo. Anauliza mwanawe alikuwa anaelekea wapi. Alikuwa anaelekea kwake! Alitoka kwenye stoo salama kwa ajili yake, akazuiwa njiani, akarudi, akakosa, akaanza tena safari ile ile ya kwa mama yake. Mimi peke yangu ninajua hilo, na nimemnyima miaka yote, nikimwandikia swali badala ya kumpa jibu. Jibu lake la pili ndilo linalonichoma mimi. Aliita nani? Aliita Viola. Siwezi kumpa moja nikabaki na jingine.

Kwa hiyo jana jioni nilienda kwake Juba Na Bari. Akanipikia chai, akanionyesha picha ya Rose ukutani, ameifuta vumbi mpaka kioo kinang'aa. Nikakunywa chai vikombe vitatu. Mwisho nikasema, "Mama, njoo kesho kwangu saa kumi." Akafurahi kama mtoto. Anadhani anakuja kunifundisha kuifunga lawa begani.

Hajui kusoma, Mama Keji. Siwezi kumpa karatasi nikakimbia. Itabidi niseme kwa mdomo huu, na yeye akiniangalia. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza, niyaone maneno yakiwa yamekaa mahali, nijue kwamba yanaweza kutoka mtu asife. Na kama hujaona bado, geuza ukurasa utaona matundu ya misumari. Naandika juu ya karatasi zile zile, pande zote mbili, nikizunguka "bado" zako. Hii ni ya kumi na moja. Imebaki nafasi kidogo.

Sijui atafanya nini. Anaweza kunitemea mate. Anaweza kuichukua lawa akaondoka bila neno, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, akiondoka na kusema kweis. Sitamwomba anisamehe leo. Ulisema hakuna mtu wa kuambiwa asamehe siku ile ile, na sasa naelewa ulikuwa unamlinda nani.

Nakuahidi haya. Nitamwambia yote mawili, na kwamba mkono ulikuwa wangu. Lawa nitaikunja nimrudishie, amvishe anayemtaka. Kesho maikrofoni ikifika kwangu nitasema, mimi si mzima, mimi ni bado, na anayetaka kukaa na mtu kama huyo aje rakuba Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakikataa niongoze, nitakaa kwenye mkeka na wengine, kalamu ashike Keji. Na siku hiyo karatasi hizi zote nitazipigilia kwa msumari mmoja mrefu. Keji atazibandua bila kuzifungua. Usihofu juu ya bamia, mwaka huu zitashiba.

Pumzika, Mama. Nimekukosa sana. Nilikuwa na mama mmoja wa kunizaa na mmoja wa kuningoja, na nyote wawili mko chini ya udongo. Asante kwa soda ya Mchungaji, na kwa ile rakuba, na kwa kutoniuliza, hata kama bado nina hasira nayo. Kwaheri.

Lango linagongwa. Haijafika hata saa kumi, amewahi.

Anagonga kwa kiganja, bati linatikisika lote, na kuku wamekimbia. Hakuna mtu mwingine plotini. Ameniita. Anasema, "Viola, fata bab."

Amegonga tena.

Naenda kumfungulia.